Dawa Haifiki Kwenye Kifuko: Hotuba Kuhusu Vivimbe vya Chini ya Ngozi

Wakubwa wangu shikamooni, na ninyi wengine poleni na shughuli.

Nimeombwa nizungumzie dawa za nyumbani za vivimbe vya ngozi. Aliyenialika alitarajia orodha: hiki upake asubuhi, kile ubandike usiku, baada ya wiki kimeisha. Orodha hiyo ipo na tutaipitia. Ila kazi yangu mimi ni uuguzi, katika chumba cha upasuaji mdogo, na wanaofika pale mezani karibu wote wameshaipitia orodha hiyo kabla ya kutufikia. Kuna wanaokuja na kivimbe kilekile walichoanza nacho. Kuna wanaokuja na kivimbe, na juu yake kidonda. Kwa hiyo mnivumilie, tuanze na kivimbe chenyewe, dawa zitafuata.

Unajipapasa mgongoni, shingoni, nyuma ya sikio au shavuni, unakuta kitu cha mviringo chini ya ngozi. Hakiumi. Ukikisukuma kwa kidole kinasogea pamoja na ngozi iliyo juu yake. Ukikitazama penye mwanga mzuri, mara nyingi katikati utaona kitundu kidogo cheusi. Kimekuwepo kwa miezi, pengine miaka, na kinakua taratibu mno kiasi kwamba ukiulizwa kilianza lini hukumbuki. Hiyo ni sisti, yaani kivimbe chenye kifuko ndani yake, na ndiyo ya kawaida kuliko zote, inayoitwa epidemoidi. Inawapata zaidi watu wazima, na wanaume zaidi ya wanawake, na kwa sehemu kubwa haina madhara yoyote.

Inatokeaje? Ngozi yetu kila siku inatengeneza seli mpya huku chini, na zile za zamani zinasukumwa juu, zinakufa, zinakauka, zinadondoka. Ndizo zinazotoka ukijisugua bafuni. Sasa ikitokea tundu la unyweleo limeziba, au umejeruhiwa na kipande kidogo cha ngozi kikazama ndani, kipande kile hakifi. Kinaendelea na kazi yake. Kinajikunja na kuwa kifuko, na upande uliozoea kutazama nje sasa unatazama ndani, sawasawa na soksi iliyopinduliwa. Seli zikifa hazina pa kudondokea ila humo humo. Zinalundikana mwaka baada ya mwaka. Ule uji mzito mweupe, wenye harufu ambayo mtu akiinusa mara moja haisahau, watu wanadhani ni mafuta, wengine wanadhani ni usaha. Ni keratini, protini ileile iliyotengeneza kucha na nywele zako, imekaa gizani na unyevunyevu.

Kichwani kuna ndugu yake mwingine. Yule ni mgumu zaidi, mara nyingi hana kile kitundu cheusi, na hutembea kwenye koo: baba anavyo viwili, binti anavyo vitatu, shangazi naye anacho kimoja anachokificha chini ya kilemba. Ukuta wake ni mnene na laini, na kwa hilo wapasuaji wanampenda, maana hutoka mzima mzima.

Nimekaa sana kwenye ukuta kwa sababu ndiko kesi yote iliko. Kilichomo ndani ni matokeo tu. Ukikikamua chote leo, ukabakiza ukuta, ukuta utaanza upya kesho asubuhi kujaza kifuko chake. Kwa hiyo dawa yoyote utakayoletewa, iwe ya jirani, ya mtandaoni, ya chupa yenye picha ya majani, iulize swali moja: wewe utafikaje kwenye ukuta, na ukifika utaufanya nini?

Hapo ndipo penye ugumu. Ngozi imeumbwa isipitishe vitu. Tabaka lake la juu kabisa, lile la seli zilizokufa, sehemu nyingi za mwili halizidi unene wa sehemu ya hamsini ya milimita, lakini ndilo linalokuwezesha kuogelea bila kuvimba maji. Dawa ukiipaka lazima ivuke tabaka hilo, kisha ishuke kwenye ngozi hai, kisha ikute kifuko ambacho ukuta wake nao ni ngozi. Sasa fikiri kidogo. Dawa yenye nguvu ya kuua ukuta wa kifuko inabidi ianze kwa kuua ngozi iliyo juu yake, kwa kuwa ni kitu kilekile. Na isiyo na nguvu ya kudhuru ngozi yako haitakidhuru kifuko. Hakuna majani yanayojua kuchagua.

Tuje sasa kwenye orodha.

Mafuta ya mti wa chai, yale ya Australia, ambayo hayahusiani kabisa na chai tunayokunywa, yana sifa ya kweli. Yanaua bakteria. Mwaka 1990 madaktari wa Australia waliilinganisha jeli yenye asilimia 5 ya mafuta hayo na benzoili peroksaidi ya asilimia 5, dawa ya kawaida ya chunusi, kwa wagonjwa 124 wenye chunusi. Zote mbili zilipunguza chunusi, mafuta yakichelewa kidogo lakini yakiwasha kwa uchache kuliko benzoili. Mnasikia nilivyosema: chunusi. Chunusi ni mambo ya juu, kuna bakteria na uvimbe. Kivimbe chetu hakikuletwa na bakteria, kwa hiyo hata ukiwaua wote kitabaki kimekaa palepale. Ukitaka kuyatumia, yachanganye na mafuta mengine, usiyapake yakiwa makali, maana yanaweza kukuletea mzio wa ngozi. Na chupa iwe mbali na watoto. Yakinywewa ni sumu.

Siki ya tufaha ni asidi, takriban asilimia 5. Ukiilowesha kwenye pamba, ukaibandika na kuifunga kwa plasta usiku kucha kama wanavyoelekeza, asubuhi utakuta ngozi imekuwa nyeupe, imelainika, kisha inabadilika rangi na kubanduka. Wengi wanafurahi hapo: "inafanya kazi!" Naam, inafanya kazi, lakini kwenye ngozi yako. Umejiunguza kwa asidi. Kivimbe kiko chini kinasubiri kidonda kipone.

Kitunguu saumu hicho ndicho kinachonikera kuliko vyote, kwa sababu watu wanakiamini kwa kuwa wanakila kila siku. Kikiwa kizima hakina shida. Ukikiponda, inazaliwa kemikali inayoitwa alisini, na hiyo kwenye ngozi iliyofungwa inachoma kwelikweli, hadi malengelenge. Majarida ya kitabibu yameripoti majeraha hayo mara nyingi, kwa watu wazima na kwa watoto. Nimewahi kumfungua mgonjwa bandeji nikakuta duara la moto lenye umbo lilelile la ule mbandiko, na katikati yake kivimbe kikiwa kizima hakijaguswa. Tuliahirisha upasuaji mpaka ngozi ipone.

Manjano yana kurkumini, ambayo maabara inaonyesha kwamba hupunguza uvimbe. Shida yake ni kwamba haipiti vizuri kwenye ngozi. Haitakuumiza, itakupaka rangi tu. Mshubiri, au aloevera kama wengi mnavyoiita, unapoza ngozi iliyowashwa, na hapo ndipo mwisho wa uwezo wake. Mafuta ya nyonyo yanalainisha ngozi. Soda ya kuokea sishauri hata kidogo: ngozi yenye afya ina asidi kidogo, na soda ni kinyume chake, ukiisugua unaondoa kinga uliyozaliwa nayo. Dawa ya meno tuiachie meno.

Asali naitenga. Asali ni dawa ya vidonda, na nasema hivyo bila kupepesa macho. Hospitali zinatumia asali iliyosafishwa maalumu kwa kazi hiyo. Sukari yake nyingi inawanyima bakteria maji, ina asidi, na inatoa kidogo kidogo peroksaidi ya haidrojeni. Lakini kazi hiyo inafanyika kidonda kikiwa wazi. Juu ya ngozi iliyofunga, asali inakaa juu, basi.

Kisha kuna ile inayonitia hofu: mafuta meusi ya kubandika, yanayouzwa mtandaoni kwamba "yanavuta uvimbe utoke na mizizi yake". Mengi yana mmea unaoitwa sanguinaria pamoja na kloridi ya zinki. Haya hayachelewi. Yanaua nyama, nzima na mbovu, yanaacha gamba jeusi, gamba linadondoka na kuacha shimo. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeshatoa onyo juu yake. Mtu anaonyesha lile gamba kwenye picha na kusema huo ndio uvimbe na mizizi yake. Hiyo ni nyama yako.

Sasa najua kuna mtu hapa moyoni anasema: mbona mimi nilipaka na kikaisha? Simbishii. Swali zuri, na nataka nilijibu kwa kituo kwa sababu ndilo linalowaweka watu miaka mingi kwenye mibandiko.

Kwanza, si kila kivimbe ni sisti. Kuna vijipele vyeupe vidogo vya milimita moja au mbili usoni, karibu nusu ya watoto wachanga huzaliwa navyo, na vinaondoka vyenyewe ndani ya wiki chache. Mama akipaka chochote, maziwa, mafuta, maji, vitaondoka, na chochote kile kitapewa sifa. Kuna uvimbe wa kwenye kifundo cha mkono, karibu na kiganja, uliojaa ute mzito unaotoka kwenye kiungo. Huo zamani Ulaya walikuwa wanaupiga kwa kitabu kizito hadi upasuke, na mwingi hupotea bila kupigwa na mtu. Usijaribu hicho kitabu, mifupa ya pale ni midogo. Kuna jipu, ambalo huiva, hutumbuka na kupona.

Pili, sisti yenyewe ina tabia yake. Ikikaa kimya inakaa miaka. Siku ukuta ukipasuka kwa ndani, kwa kuminywa, kwa kugongwa au kwa hiari yake, keratini inamwagika kwenye nyama. Mwili unaiona ni kitu kigeni, unaishambulia. Ndani ya siku moja au mbili kile kilichokuwa hakiumi kinakuwa cha moto, kigumu, kinapwita. Hapo ndipo mtu anapokimbilia dawa. Baada ya siku kadhaa kinafunguka, kinatoa uchafu, kinasinyaa. Dawa uliyokuwa unapaka siku hiyo ndiyo inayosimuliwa kwa majirani. Miezi sita baadaye kikirudi, hakuna anayerudi kwa majirani kusahihisha simulizi.

Na hapa niongeze kitu kuhusu vidonge. Kivimbe kikiwa cha moto na chekundu, wengi wanakwenda moja kwa moja kununua antibayotiki. Lakini vita ninavyovieleza ni vya mwili dhidi ya keratini, si lazima kuwe na maambukizi ndani yake. Mara nyingi daktari akishaangalia hatakuandikia antibayotiki kabisa. Ukizimeza kwa kubahatisha, umewafundisha bakteria waliomo mwilini mwako kuzizoea, na kivimbe hakijahusika.

Sasa kuna jambo moja la nyumbani ambalo ninalitetea, nalo halina jina la kuvutia: kitambaa cha maji ya moto. Nitalieleza taratibu, kwa sababu wengi wanaosema walilijaribu walilifanya dakika mbili, mara moja, wakakata tamaa.

Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kitambaa safi cha pamba ambacho ni cha kazi hiyo tu. Maji yawe ya moto unaoweza kuuvumilia. Yajaribu kwa ndani ya mkono, upande ule laini, kwa sababu viganja vimezoea na vitakudanganya. Lowesha, kamua, kunja mara mbili au tatu, weka juu ya kivimbe. Usikandamize. Kitambaa kinapoa haraka, kwa hiyo beseni liwe karibu na ukiloweshe tena kila kikipoa, kwa muda wa dakika kumi hadi kumi na tano. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto, kisitumiwe na mtu mwingine. Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia kwenye miguu au mikono asipime moto wa maji kwa sehemu hizo, amwombe mwenzake ampimie.

Moto huo unaita damu, unapunguza maumivu, unalainisha mdomo wa kifuko. Kivimbe kilichokasirika kinaweza kufunguka chenyewe, na kikifunguka chenyewe kiache kitoke. Futa kwa shashi safi, osha kwa maji na sabuni, funika, badilisha bandeji kila siku au ikilowana. Usikisaidie kwa vidole. Hapo ndipo mtihani ulipo, maana ukishaona kimeanza kutoka mikono inawasha.

Lakini tusiidanganye nafsi: keratini haiyeyuki kwa maji ya moto. Kitambaa kinatuliza kivimbe, hakikiondoi. Palipo na mafuta ya kweli mambo ni tofauti. Kile kivimbe cha ndani ya kope, kisicho na maumivu makali, kinatokana na tezi ya mafuta iliyoziba, na mafuta yanayeyuka. Kitambaa cha moto dakika tano hadi kumi, mara kadhaa kwa siku, na kuisugua kope polepole kwa kidole safi, kwa wiki kadhaa, huwaponya wengi bila kufika kwa daktari. Na dada zangu, ule uvimbe wa pembeni mwa mlango wa uke, upande mmoja, ukiwa mdogo unaweza kutulia kwa kukalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi hadi kumi na tano, mara chache kwa siku, kwa siku tatu nne. Ukiuma sana, ukikuzuia kutembea au kukaa, au ukitokea kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, usikae nao nyumbani.

Nimegusia vidole. Mnaziona zile video: kivimbe kinaminywa, kinatoka kitu kirefu, watazamaji mamilioni. Sitasema uongo, na mimi huwa naangalia. Angalieni vizuri lakini. Mara nyingi kuna mtu mwenye glavu, kuna sindano ya ganzi, kuna kisu kilichofungua njia, na mwishoni, sehemu ambayo wengi wanairuka, kuna ukuta unaovutwa nje. Nyumbani una kucha na kioo. Kile kitundu cheusi ni chembamba, kilichomo ni kizito, kwa hiyo ukikandamiza kinapita palipo rahisi, yaani kinapasua ukuta kwa ndani. Umeanzisha vita mwenyewe. Sindano ya kushonea uliyoipitisha kwenye moto haibadilishi hilo, moto umesafisha sindano tu, ngozi yako haijasafishwa.

Kwenye uso ni zaidi. Eneo la kuanzia katikati ya nyusi mpaka kwenye pembe za mdomo lina mishipa ya damu inayowasiliana na mishipa ya ndani ya fuvu. Maambukizi ya hapo kufika ndani ni nadra, lakini yakifika ni ugonjwa wa kuua. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna gharama nyingine: kila uvimbe unaochokozwa huacha doa jeusi linalokaa miezi, na kifuani, mabegani na masikioni kovu linaweza kuendelea kukua na kuwa keloidi, kubwa kuliko kivimbe chenyewe. Kama una keloidi mwilini, au kwenu wanazo, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Wakati mwingine ushauri mzuri atakaokupa ni kukiacha kivimbe kama kilivyo.

Kukiacha, kwa kweli, ni tiba. Watu hawapendi kuisikia kwa sababu haina chupa. Kivimbe kisichouma, kisichokua, kisichokukera ukivaa shati au ukichana nywele, hakidai chochote kutoka kwako. Kugeuka saratani ni nadra sana.

Ila kuna vingine ambavyo sitaki mkaviwekea hata kitambaa mkangoja. Mtoto aliyezaliwa na kivimbe pembeni mwa nyusi, au juu ya pua katikati: hicho ni cha aina nyingine, cha pale juu ya pua kinaweza kuwa na njia inayoelekea ndani ya fuvu, na kinahitaji picha kabla ya mtu yeyote kukigusa. Uvimbe wa shingoni unaopanda ukimeza mate, hiyo ni habari ya tezi la shingo. Mitoki ya shingoni, kwapani au kwenye kinena isiyopungua kwa wiki kadhaa, hasa ikiwa migumu, au ukiwa na homa, jasho la usiku na unakonda. Uvimbe wowote ndani ya titi. Uvimbe kwenye korodani yenyewe. Uvimbe uliozidi sentimita 5, unaokua haraka, mgumu usiosogea, au wenye kidonda juu kinachovuja damu. Majipu ya makwapani na kwenye kinena yanayojirudia miaka na miaka na kuacha njia chini ya ngozi. Huo ni ugonjwa una jina na tiba yake, na wengi wanaougua wanajificha wakidhani ni uchafu, kumbe usafi hauhusiki kabisa. Uvimbe wa juu ya mfereji wa makalio unaotoa usaha, ndani yake mara nyingi kuna vinyweleo, hautapona kwa mbandiko. Na mtu mwenye sisti nyingi zilizoanza utotoni, huku kwao kukiwa na saratani ya utumbo mpana, ayataje yote mawili kwa daktari katika mazungumzo mamoja, kwa kuwa kuna ugonjwa wa kurithi, nadra, unaoyaunganisha.

Kwenda haraka, siku hiyohiyo, ni pale kivimbe kilichokasirika kinapoleta homa, au joto na ugumu unaosambaa kwenye ngozi ya jirani. Mabango ya afya yanasema "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone. Utaona zambarau, au weusi uliokolea na ngozi inayong'aa kwa kuvutika. Tumieni mgongo wa kiganja, pimeni joto kulinganisha na upande wa pili. Mwenye kisukari asisubiri hata homa.

Nimalizie na meza yenyewe, maana uoga wake ndio unaowauzia watu mafuta meusi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1820 mfalme George wa Nne wa Uingereza alikuwa na kivimbe kichwani. Mfalme, mwenye kila tabibu na kila dawa ya ufalme wake, na bado kilibidi kikatwe. Aliyekikata, Astley Cooper, aliifanya kazi ile kwa shingo upande, akihofia kidonda kisije kikaoza na mfalme akafa mikononi mwake. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba bakteria ndio wanaoozesha kidonda, na hapakuwa na ganzi. Etha, dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie kisu, ilionyeshwa hadharani huko Boston mwaka 1846. Mfalme alipona, na Cooper akapewa cheo cha heshima. Sindano tunayowapa ninyi ina lidokaini, dawa ya ganzi iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943. Mnapata huduma ambayo mfalme hakuipata.

Ilivyo ni hivi. Kama kivimbe kimekasirika, daktari kwa kawaida hataking'oa siku hiyo. Ukuta wakati huo umelegea na kushikamana na nyama, ukivutwa unakatika vipande, na kipande kikibaki kinarudi. Anaweza kukifungua kitoe uchafu, au kukichoma sindano ya steroidi kitulie, kisha akupangie baada ya wiki nne hadi sita. Siku ya kukitoa unalala, unasafishwa, unachomwa ganzi. Sindano inauma na kuunguza kwa sekunde kadhaa, simfichi mtu. Baada ya hapo unasikia unavutwa, husikii kukatwa. Daktari anakata umbo la jicho kuzunguka kile kitundu cheusi, ili mdomo utoke na kifuko chake, kisha anatenganisha polepole. Ukibahatika kukiona kikitoka kizima utaelewa kwa nini mbandiko haukufua dafu: ni kitu kamili, cheupe, kina ngozi yake inayojitegemea. Pale kuna uwezekano wa kukipeleka maabara kikaangaliwe, na mimi napendekeza mkubali, hasa kama kilikuwa na tabia isiyo ya kawaida. Unashonwa. Nyuzi za usoni zinatoka baada ya siku tano hadi saba, za kichwani saba hadi kumi, za mgongoni kumi hadi kumi na nne. Mgongoni ndiko watu wanakoharibu, wanabeba mizigo siku ya tatu na jeraha linafunguka.

Na hapo, ndugu zangu, kidonda kikiwa kimeshafunga na nyuzi zimetoka, mwenye mshubiri wake apake kama anapenda, hautamdhuru.

Maswali yenu nayasubiri. Mwenye kivimbe anachotaka kiangaliwe asivue shati hapa mbele za watu. Tukimaliza nitakuwa kwenye kile chumba cha pembeni.